"Umeelewa?" Si Kipimo: Walezi wa Watoto Wenye Pumu na Karatasi ya Tiba

Katika vyumba vya matibabu nchini kuna swali moja linaloulizwa kila siku, na jibu lake karibu siku zote ni lile lile. Daktari humaliza maelezo yake, humtazama mama aliyempakata mtoto, kisha huuliza: "Umeelewa?" Mama hujibu: "Ndiyo, daktari." Daktari huandika, mama huondoka, na mgonjwa mwingine huitwa. Nia yangu katika makala haya ni kueleza kwa nini jibu hilo halina thamani ya kipimo, na kwa nini, katika pumu ya watoto, kukosa kipimo cha kweli ni jambo la hatari.

Mimi si tabibu. Kazi yangu ni kufundisha upimaji katika elimu, yaani namna ya kutunga mitihani na kujua kama alama zinazopatikana zina maana yoyote. Juu ya somo hilo nilikaa Uingereza miaka minne nikitafuta shahada ya udaktari wa falsafa. Nayasema haya si kwa kujivuna, bali msomaji apate kuona ukubwa wa aibu yangu.

Mwanangu alipokuwa na umri wa miaka mitano alithibitika kuwa na pumu. Daktari alitupa dawa mbili za kuvuta, pamoja na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa Kiingereza. Akaniuliza kama nimeelewa, nami nikaitikia. Nilipofika nyumbani niliitafsiri karatasi ile kwa Kiswahili kwa ajili ya mama yangu mzazi, ambaye ndiye aliyekuwa akishinda na mtoto. Kwenye inhela ya bluu niliandika "dawa ya kutuliza", na kwenye ile ya kahawia nikaandika "dawa ya kuzuia pumu". Nikamsomea yote tangu mwanzo hadi mwisho, nikamwuliza kama ameelewa. Akasema ameelewa.

Baada ya majuma machache nilisafiri kikazi kwenda Dodoma. Usiku wa pili mtoto aliamka akitweta, kifua kikilia kama filimbi. Mama yangu aliichukua inhela ya kahawia, akampulizia, akangoja. Akampulizia tena, akangoja tena. Karibu saa mbili zilipita kabla jirani mwenye gari hajawafikisha hospitali. Mtoto alipona, na kwa hilo nashukuru. Niliporudi nilimwuliza mama kwa nini hakutumia ile ya bluu. Alinijibu kwa upole: "Mwanangu, si wewe uliyeniandikia kwamba hii ndiyo ya kuzuia? Pumu ilikuja, nikaizuia."

Sikuwa na la kujibu. Katika Kiswahili cha kila siku, aghalabu tunazuia kitu ambacho tayari kinakwenda: twazuia damu inayotoka jerahani, twamzuia ng'ombe anayekimbilia shambani, twamzuia mgeni aliyekwisha simama kuaga. Mimi nilifikiri kwa Kiingereza nikaandika kwa Kiswahili. Mama alisoma Kiswahili. Aidha, aliyepimwa na daktari kwa swali la "umeelewa" nilikuwa mimi, lakini aliyeufanya mtihani wenyewe, usiku, peke yake, alikuwa bibi wa mtoto.

Dawa mbili, kazi mbili

Yafaa kwanza tukumbushane pumu ni nini. Ni ugonjwa wa njia za hewa zilizo ndani ya mapafu. Njia hizo huwa na uvimbe wa muda mrefu, hata siku ambazo mtoto anacheza na kuonekana mzima. Zikichokozwa na moshi, vumbi, mafua au baridi, misuli inayozizunguka hukaza, utando wake huvimba zaidi, na makohozi mazito huziba nafasi iliyosalia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 1919 ulipotimiza karne moja, yaani mwaka 2019, watu wapatao milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwayo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha chini ya wastani, ambako ugonjwa mara nyingi hautambuliwi, na ukitambuliwa hautibiwi inavyopasa.

Tiba iliyozoeleka ina mikono miwili. Dawa ya kwanza, kama salbutamoli, hulegeza misuli iliyokaza. Hufanya kazi katika dakika chache, na nguvu yake hupungua baada ya saa chache. Dawa ya pili ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni, ambayo hupunguza uvimbe polepole kwa siku na majuma. Hiyo ya pili ndiyo inayomkinga mtoto asishikwe, lakini pekee haiwezi kumfungua mtoto aliyekwisha kubanwa. Kwa desturi ya viwanda vingi ya kwanza huwa ya bluu na ya pili huwa ya kahawia, ingawa rangi hizo si sheria. Siku hizi ziko pia inhela zinazounganisha dawa mbili katika chombo kimoja, na baadhi yake hutumika kila siku na wakati wa kubanwa vile vile. Kwa hiyo maelekezo ya mtoto wa jirani si maelekezo ya mtoto wako.

Ndiyo sababu wataalamu hushauri kila mtoto mwenye pumu awe na mpango wake ulioandikwa. Mara nyingi ni karatasi moja yenye ngazi tatu: kijani, mtoto ni mzima, endelea na dawa ya kila siku, njano, dalili zimeanza, ongeza dawa ya kufungua kifua, nyekundu, hatari, mpe dawa huku mkienda hospitali. Karatasi hiyo ni chombo kizuri. Lakini kwa umbo lake ni mtihani uliogeuzwa: majibu yameandikwa mapema, na swali huja usiku wa manane. Anayepaswa kuoanisha swali na jibu ni mlezi.

Kusema ni kimoja, kutenda ni kingine

Je, twajuaje kuwa mlezi ataweza kuvioanisha? Njia ya kwanza ni kumwuliza kama ameelewa. Njia hii hupima adabu. Mtu aliyelelewa vema katika nchi yetu hamwambii mtaalamu aliyechoka, mbele ya foleni ya watu thelathini, kwamba maneno yake hayakueleweka. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini katika chumba cha daktari wengi wetu twaona kuwa kuuliza ni utovu wa heshima.

Njia ya pili ni kumtaka mlezi arudie maneno aliyoambiwa. Hii ni afadhali, lakini nayo yaweza kudanganya. Mwaka 2006 Terry Davis na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa 395 juu ya maandishi yaliyobandikwa kwenye dawa. Moja ya maandishi hayo lilisema mtu ameze vidonge viwili mara mbili kwa siku. Miongoni mwa wagonjwa wenye uwezo mdogo wa kusoma, asilimia 70.7 waliweza kuyasema maelekezo hayo kwa usahihi. Walipotakiwa kuonyesha ni vidonge vingapi vya kumeza kwa siku nzima, ni asilimia 34.7 tu waliofaulu. Tuseme nusu ya walioweza kusema hawakuweza kutenda. Nao walikuwa wakishughulika na vidonge vinne mchana kweupe, pasipo mtoto anayekata roho mikononi.

Njia ya tatu, inayopendwa na watafiti, ni hojaji ya maswali ya "kweli" au "si kweli". Hapa nazungumza nikiwa ndani ya fani yangu. Chukua hojaji ya maswali 10, na tuseme mwenye alama 7 amefaulu. Mtu asiyejua lolote, akijibu kwa kurusha shilingi, anaweza kuyajibu maswali hayo kwa namna 1,024, na katika hizo namna 176 zitampa alama 7 au zaidi. Kwa maneno mengine, karibu watu 17 katika kila 100 wasiojua kitu watatangazwa kuwa wameelewa. Na kama mtungaji, kwa kutojali, ameyatunga maswali yote jibu lake liwe "kweli", basi mlezi mpole anayekubali kila jambo atapata 10 kwa 10.

Kasoro iliyo kubwa zaidi ni ile ya kujumlisha. Mlezi aweza kujua kuwa pumu haiambukizi, kuwa moshi wa kuni ni adui, kuwa vumbi la godoro ni baya, akapata alama 9. Na ile moja aliyoikosa ikawa ni dawa ipi itangulie mtoto anapobanwa. Dereva anayezijua alama zote za barabarani ila hajui breki iko wapi hatumpi leseni kwa sababu ana asilimia 90. Katika upimaji wa namna hii yako maswali ambayo hayafai kuchanganywa na mengine: mtu huyajibu sawasawa, au hafundishwi kitu kingine mpaka ayajibu.

Kiswahili cha mpango

Twarudi kwenye kosa langu la "kuzuia". Mtu atasema: kosa lile lingegunduliwa kama tafsiri ingefanywa kwa utaratibu wa kitaalamu, yaani kutafsiri kwenda Kiswahili, kisha mtu mwingine arudishe Kiingereza, halafu matini mbili zilinganishwe. La hasha. Mpe msomi yeyote maneno "dawa ya kuzuia pumu" ayarudishe Kiingereza. Atakupa neno lile lile nililoanza nalo mimi, na wote tutapongezana. Utaratibu huo hulinganisha akili za wasomi wawili. Mama yangu hakuwamo.

Mfano wa pili ni wa saa. Mpango unaosema dawa itolewe "kila saa nne" una maana mbili katika lugha yetu. Mmoja ataelewa kwamba zikipita saa nne atoe tena, yaani mara 6 kwa usiku na mchana. Mwingine, naye yu sahihi kabisa kisarufi, ataelewa kwamba kila ifikapo saa nne atoe, yaani saa nne asubuhi na saa nne usiku: mara 2. Kuandika "baada ya saa nne" hakusaidii sana, kwa kuwa saa tano ni baada ya saa nne. Lililo salama ni kutaja nyakati zenyewe: ukimpa saa 12 alfajiri, mpe tena saa 4 asubuhi, kisha saa 8 mchana. Vivyo hivyo kuhusu maneno "kutwa mara 2". Kutwa ni tangu kucha hadi machweo. Mlezi mwenye Kiswahili safi aweza kutoa asubuhi na alasiri, na usiku asitoe kitu.

Mfano wa tatu ni wa dalili. Uchunguzi mkubwa wa pumu na mzio wa watoto duniani ulioitwa ISAAC, ulioanza mwaka 1991, uliwafikia vijana 463,801 wa miaka 13 na 14 katika nchi 56; Nairobi na Eldoret zilikuwamo. Waliouandaa walikwisha ona kwamba ule mlio wa filimbi kifuani hauna jina moja linalofahamika katika lugha zote. Kwa hiyo, pamoja na hojaji ya maandishi, walitengeneza filamu fupi ya video inayowaonyesha watu wakiwa na dalili zenyewe, na mtazamaji aliulizwa kama amewahi kuwa hivyo. Hilo ni somo kwetu. Katika Kiswahili kuna anayesema mtoto anatweta, kuna anayesema kifua kinabana, kuna anayesema kifua kinalia. Kuandika neno moja katika mpango na kudhani kila mlezi analitumia ni kujidanganya.

Jambo hili lina uzito kwa sababu dalili ndizo msingi wa mpango wa mtoto. Kipo kifaa cha kupima kasi ya pumzi, lakini mwaka 2008 Roger Zemek na wenzake, walipoyakusanya majaribio yaliyofanywa kwa watoto, walikuta kwamba mipango inayofuata dalili ilipunguza safari za dharura za kwenda kwa daktari kuliko ile inayofuata kifaa. Jicho la mlezi, basi, si mbadala wa maskini. Ni chombo halisi cha kupimia, nacho, kama chombo kingine chochote, hapana budi kihakikiwe.

Jaribio la vitendo matano

Fundi cherehani hamwulizi mwanagenzi wake kama ameelewa kukata kola. Humpa kitambaa, akatazama. Napendekeza kipimo cha namna hiyo hiyo, chenye vitendo vitano, kinachoweza kusimamiwa na muuguzi kabla mlezi hajaondoka.

Kwanza, mlezi awekewe dawa zote mezani, na aambiwe: nionyeshe ya kila siku, nionyeshe ya kubanwa. Aonyeshe kwa kidole, asitaje jina.

Pili, atumie inhela mbele ya muuguzi, pamoja na chombo cha kuvutia ambacho mtoto mdogo hawezi kufanya bila hicho. Kukosa chombo cha dukani si udhuru. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyounganishwa na inhela na kuzibwa vizuri, iliwafaa watoto wa miaka 5 hadi 13 sawa na chombo cha kiwandani. Muuguzi atazame: ameitikisa? Ametoa mpulizo mmoja mmoja, au yote kwa pamoja?

Tatu, asimuliwe kisa: "Ni saa nane za usiku. Mtoto ameamka, anakohoa, kifua kinalia. Unafanya nini kwanza? Imepita robo saa, hajapata nafuu. Sasa unafanya nini?" Hapa ndipo kosa la nyumbani kwangu lingeonekana.

Nne, aeleze kwa maneno yake mwenyewe hali ambayo akiiona hatangoja kupambazuke: mtoto asiyeweza kumaliza sentensi, mbavu zinazoingia ndani kila anapovuta pumzi, midomo inayobadilika rangi, usingizi usio wa kawaida.

Tano, ahesabu siku ambayo dawa ya kila siku itakwisha. Chombo chenye mipulizo 200, mtoto akipewa 2 asubuhi na 2 usiku, hudumu siku 50. Jambo hili si dogo, kwa kuwa chombo kilichokwisha dawa huweza kuendelea kutoa sauti na mvuke, na mlezi akaendelea kumpulizia mtoto hewa tupu.

Kitendo cha kwanza na cha tatu visijumlishwe na vingine, kwa sababu nilizokwisha eleza. Na kipimo chote kifanywe kwa yule anayelala na mtoto. Ikiwa ni bibi, aitwe bibi. Ikiwa ni dada wa kazi, aitwe dada. Kirudiwe baada ya mwezi mmoja, maana yanayofahamika mlangoni mwa hospitali huweza kuwa yamesahauliwa kabla ya mvua za kwanza.

Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza ni la muda. Wauguzi wetu ni wachache na foleni ni ndefu. Nakubali. Lakini mlezi hukaa benchini saa nyingi akingoja, na vitendo vitano havihitaji daktari. Tena muda unaookolewa kwa kutopima hulipwa baadaye, usiku, katika chumba cha dharura, na wahudumu wale wale.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuna atakayesema: mlezi aweza kuelewa kila kitu, na bado asiwe na fedha ya kununua inhela. Ni kweli, wala kuelewa hakununui dawa. Kwa sababu hiyo hasa kipimo kitenganishe asiyejua na asiyeweza. Leo wote wawili wameandikwa katika majalada yetu kwa neno moja la kulaumu, kwamba hawafuati maelekezo. Asiyejua anahitaji mafunzo. Asiyeweza anahitaji dawa iwe zahanati na kwa bei anayoimudu. Kumpa wa pili mafunzo ya wa kwanza ni kumdhihaki.

Nakusudia pia kuwatoa hofu walezi. Kipimo hiki si cha kuwapanga katika daraja. Wanafunzi wangu ishirini wakikosa swali moja kwa namna moja, siwashtaki wao. Nalirudia swali langu. Vivyo hivyo walezi ishirini wa kliniki moja wakionyesha dawa isiyo yenyewe, kilichoshindwa ni karatasi, na aliyeitunga ndiye anayepaswa kurudi mezani.

Kazi hii yataka utafiti wetu wenyewe. Hojaji zilizotungwa ng'ambo tuzisome, lakini maneno ya mpango yakusanywe kutoka vinywani mwa walezi wa Mtwara, Kigoma, Mwanza na Unguja, yajaribiwe kwa vitendo, kisha yafuatiliwe mwaka mzima ili ijulikane kama waliofaulu kweli walipata usiku mchache wa dharura kuliko waliokosa. Kipimo kisichotabiri lolote ni pambo tu. Hapa waganga, wauguzi, wanaisimu na sisi watu wa mitihani tuna kazi ya kufanya pamoja, nasi tumechelewa.

Nyumbani kwangu karatasi ya zamani niliichana. Mpya iliandikwa na mama yangu mwenyewe, kwa mwandiko wake, baada ya kunionyesha mara tatu kila kitendo. Juu ya inhela ya kahawia aliandika: "Ya kila siku, hata akiwa mzima." Juu ya ile ya bluu: "Ya kubanwa. Anza na hii." Sijaona tafsiri iliyo bora kuliko hiyo.